Mume anataka sola, mpwa anataka volti 240: taa za miche nizifunge vipi?

Assalaam aleikum ndugu mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mkomani, Lamu mjini, katika nyumba ya mawe tuliyorithi. Nauza letisi na chipukizi, zile mboga changa za figili na giligilani zinazokatwa zikiwa na majani mawili matatu tu. Wateja wangu ni mahoteli na nyumba za wageni za Shela.

Mwanzo nilipanda juu ya paa. Letisi haikunikalia. Jua la saa sita liliinyong'onyeza, na ile iliyobaki ikawa inarefuka, inatoa maua na kuwa chungu. Kunguru nao hawakuacha kitu. Nikahamia chumba cha ndani kabisa, kile cha nyuma kisichokuwa na dirisha. Kina ubaridi mzuri hata mchana wa kaskazi, lakini ni giza. Seremala amenitengenezea kichanja cha rafu nne, kila rafu urefu wa sentimita 120 na upana 50. Trei zangu natia makumbi yaliyosagwa, si udongo.

Sasa taa. Mpwa wangu anayeishi Minnesota alipokuja likizo aliniletea mbili. Moja ni ya LED, ndefu kama rula, ina kibati kilichoandikwa "AC 100–277V, 50/60Hz". Ya pili ni kubwa, ya zamani, ina kisanduku kizito kama jiwe la kusagia, imeandikwa "120V 60Hz, HPS 600W". Kila mtu ana neno lake. Mpwa anasema kwao Marekani wakulima wa ndani wanashauriana kuacha volti 120 na kuhamia 240 kwa sababu ni bora. Fundi wa mtaani ananiambia nisithubutu, volti nyingi zinamaliza tokeni haraka, na anataka kuniuzia transfoma ya kushusha ifike 120. Mume wangu hataki stima kabisa. Tuna paneli moja na betri ya volti 12 juu ya nyumba, na yeye anasema tununue taa za volti 12, tushushe waya mpaka chumbani, kama mita kumi na tano hivi, kwa sababu umeme wa jua haulipiwi. Tena anasema 240 pamoja na maji ya kunyunyizia ni kunitafutia kifo.

Niko katikati yao, na taa bado ziko kwenye boksi. Nifuate lipi?

Mama Miche, Mkomani

—

Wa aleikum salaam, dada yangu Mama Miche,

Nianze na linaloweza kupunguza mzozo hapo nyumbani: mita ya stima haihesabu volti. Inahesabu wati na muda. Wati elfu moja zikiwaka saa moja, yuniti moja ya tokeni imekwenda, ziwe zimekuja kwa volti 240, kwa 120 au kwa 12. Fundi wako kwa hili amekosea. Akikufungia transfoma utalipa zaidi kidogo, si pungufu, maana transfoma yenyewe hupata moto na moto huo umetoka kwenye tokeni zako.

Sasa tuhesabu kichanja chako. Rafu ya sentimita 120 kwa 50 ni zaidi kidogo ya nusu mita mraba. Kwa letisi, taa nzuri ya LED ya wati 60 kwa kila rafu inatosha, ikining'inia karibu na majani na ikiwaka saa 16 kwa siku. Rafu nne ni wati 240. Gawanya wati kwa volti, unapata ampea, yaani wingi wa umeme unaopita ndani ya waya. Kwa volti 240 taa zako zote zinavuta ampea 1. Kwa 120 zinavuta 2. Kwa 24 zinavuta 10. Kwa 12, ampea 20.

Chukua mfano wa punda wa mchanga. Ampea ni idadi ya punda, volti ni mzigo anaobeba kila mmoja, na waya ni uchochoro wa Mkomani. Mchanga unaofika kwenye ujenzi ni ule ule, lakini punda ishirini wenye vikapu vidogo watasukumana uchochoroni, na punda mmoja mwenye mzigo mkubwa atapita bila kugusa ukuta.

Kusukumana huko ndani ya waya ni joto, na joto hilo halipandi sawa na ampea. Ampea zikizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Shemeji anataka kushusha waya mita kumi na tano. Tuseme mmetumia waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ule wa kawaida wa soketi. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita thelathini za waya, na ukinzani wake, yaani jinsi unavyouzuia umeme, ni kama omu 0.22. Ampea 20 zikipita hapo, volti 4.4 zinapotea njiani. Umeondoka juu na 12, umefika chumbani na saba na kitu. Taa za volti 12 hapo ama zitafifia ama hazitawaka kabisa. Kama zingeweza kuendelea kuvuta ampea hizo, waya peke yake ungekula karibu wati 90 na kuzigeuza kuwa joto ndani ya nyumba. Kwa volti 24 upotevu unashuka hadi wati 22. Kwa 240 ni robo ya wati, haifai hata kutajwa.

Ndiyo sababu hata umeme unaotufikia Lamu kwa njia ya Rabai, Malindi na Garsen husafiri kwa volti 220,000 kisha ukashushwa huku. Kama ungeletwa kwa 240 tangu Rabai, ungeishia njiani kupasha nyaya moto.

Kwa hivyo shemeji akishikilia 12, itabidi anunue kebo nene kama ya betri ya gari, mita thelathini, na bei ya shaba anaijua.

Kuhusu umeme wa jua kutolipiwa, mwambie kwa upole tu: jua ndilo lisilolipiwa. Betri inalipiwa. Wati 240 kwa saa 16 ni wati-saa 3,840 kila siku. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Kama ni ya risasi na asidi, usiishushe zaidi ya nusu ukitaka ikae, kwa hiyo inakupa 600. Ukitegemea betri peke yake, unahitaji saba, zivushwe kwa mashua kutoka Mokowe upande wa bara, zipandishwe juu ya nyumba, na baada ya miaka michache zibadilishwe. Paneli nazo zisipungue wati elfu moja ukiweka na upotevu. Ukiwasha taa mchana paneli zikiwa kazini, idadi ya betri unazohitaji inapungua, maana mche haujui saa za nje na "mchana" wake ni ule unaoupanga wewe. Lakini saa 16 hazienei katika jua la siku moja, na bado tunazungumzia mtaji mkubwa kwa kichanja kimoja. Tena fikiria: unalikamata jua juu ya paa, sehemu kubwa inapotea kwenye paneli, nyingine kwenye betri, nyingine kwenye taa, ili mwishoni upate mwanga hafifu kuliko ule ulioukimbia paani. Kwa mahali pasipo na stima sawa. Kwa nyumba ya Mkomani yenye mita, mimi singefanya.

Paneli ile moja mliyo nayo ina kazi nzuri zaidi. Chumba kisicho na dirisha kinataka hewa. Kila wati unayoitia mle ndani inaishia kuwa joto, na unyevu wa trei ukikosa pa kwenda utaleta ukungu na kuoza kwa shina. Mwambie shemeji akufungie feni ndogo ya volti 12, wati kumi hivi, kwenye betri yake. Hiyo inavuta chini ya ampea moja, waya wa mita kumi na tano unaibeba bila shida, na stima ikikatika feni inaendelea. Taa zikizimika saa moja au mbili mche haufi. Ukikosa hewa ndani ya joto, letisi inakulalia. Fyuzi iwekwe pale pale kwenye betri, si mwisho wa waya. Volti 12 haikurushi, lakini betri ikigusana vyuma vyake hutoa ampea mamia kwa mpigo mmoja na kuwasha waya kama utambi. Wengi wanadhani volti ndogo haina moto.

Sasa mpwa wako. Alichosikia ni cha kweli, ila ni cha huko. Nyumba ya Marekani huingiziwa waya mbili za moto na moja ya kati. Kati ya waya wa moto na wa kati kuna volti 120, na kati ya waya mbili za moto kuna 240. Soketi za kawaida ziko kwenye 120, na laini ya ampea 15 hairuhusiwi kubeba zaidi ya asilimia 80 kwa mzigo unaowaka saa nyingi, yaani ampea 12, sawa na wati 1,440. Taa ya sodiamu (ndiyo hiyo HPS) ya wati 1,000 pamoja na balasti yake, kile kisanduku kizito cha kuidhibitia umeme, hula kama 1,100, kwa hiyo laini nzima inaishia kwenye taa moja. Akihamia 240, laini ya ampea zile zile inachukua mbili. Huo ndio ubora wanaouzungumzia: nafasi kwenye nyaya. Bili yao haibadiliki kwa maana yoyote. LED nyingi zina dereva, kisanduku cha kuigeuzia taa umeme inaoutaka, inayofanya kazi vizuri zaidi kwenye 240 kuliko 120, lakini tofauti ni asilimia moja au mbili. Sisi hatuna cha kuhamia, maana soketi ya Kenya ni volti 240 tangu hapo, na plagi yake ya ampea 13 inabeba zaidi ya wati 3,000. Kichanja chako ni ampea moja.

Kwa hiyo taa za rafu zifungwe kwenye 240, na hiyo ndefu aliyokuletea inafaa kama ilivyo. "100–277V" maana yake dereva yake inakubali volti yoyote kati ya hizo, na "50/60Hz" inakubali mapigo ya umeme kwa sekunde, ya kwetu 50 na ya kwao 60. Haitaki transfoma. Hata umeme ukishuka jioni hadi 200 haitashtuka. Ukinunua nyingine tatu, soma kibati kwanza. Ikiandikwa 220–240V ni sawa pia, ila zile za masafa mapana zinavumilia zaidi.

Kitu kimoja tu: plagi ya Marekani ya vyuma bapa iliyo kwenye waya wake imetengenezwa kwa volti 125. Usitie adapta. Ukate ubadilishwe kwa waya wa kwetu na plagi ya pini tatu, ndani yake fyuzi ya ampea 3, si ile ya 13 inayokuja nayo. Na hapa fundi awe macho. Kwenye waya wa Marekani mweusi ndio wa moto, mweupe wa kati, kijani wa ardhini. Kwenye nyumba zetu za zamani, zilizofungwa kwa nyekundu na nyeusi, mweusi ndio wa kati. Fundi aliyezoea nyumba za kale akifuata mazoea ataunganisha kinyume, taa itawaka vizuri, na hakuna atakayejua mpaka siku mtu atakapoifungua. Waya mpya ni kahawia wa moto, buluu wa kati, na kijani chenye mistari ya njano wa ardhini.

Hofu ya shemeji kuhusu maji nampa haki yake yote. Volti 240 na mkono uliolowa si mchezo. Lakini dawa yake ipo: swichi inayokata umeme unaovuja, mafundi wanaiita RCD au ELCB, ya miliampea 30. Umeme ukipata njia kupitia mwili wako kwenda ardhini inakata kabla hujamaliza kushtuka. Ifungwe kwa laini ya chumba hicho, na kila mwezi ubonyeze kitufe chake cha kujaribia. Isipokata, ibadilishwe siku hiyo hiyo. Waya wa ardhini uwe umefika ardhini kweli. Katika nyumba za kale fundi aupime kwa kifaa, asiamini tu kwamba soketi ina tundu la tatu. Soketi ikae ukutani juu kuliko trei, mbali na mkono wa kunyunyizia, na waya ushuke chini kidogo ya soketi kabla ya kupanda tena kuingia ndani yake, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni. Madereva ya taa yaning'inie nje ya kichanja. Ukinunua zilizoandikwa IP65, maji ya mnyunyizo hayaingii.

Halafu kuna chumvi yetu. Hewa ya Lamu inakula skrubu za shaba, zinakuwa kijani, kiungo kinalegea, na kiungo kilicholegea hupata moto hata kwa ampea chache. Kila baada ya miezi michache zima swichi kuu, mwambie fundi akaze. Kuta za matumbawe nazo zinashika unyevu, msizichimbe kufukia waya. Pitisheni juu juu kwenye mfereji wa plastiki, mtahifadhi ukuta na waya pamoja. Na huyo fundi, muulize leseni yake ya EPRA, mamlaka inayosimamia mambo ya nishati. Aliyekwambia volti zinakula tokeni simkatazii kufunga balbu ya barazani, lakini chumba chenye maji nisingempa.

Pesa zako ziko kwenye wati na saa. Rafu nne za wati 60 kwa saa 16 ni yuniti 3.84 kwa siku, karibu 115 kwa mwezi, kabla ya friji na pasi. Bei ya majumbani ina ngazi: hadi yuniti 30, hadi 100, na kupita 100, na kila ngazi ni ghali kuliko iliyo chini yake. Kichanja peke yake kinakupandisha ngazi ya juu. Lakini chipukizi si letisi. Unazikata zikiwa changa, hazina haja ya mwanga mwingi hivyo. Tenga rafu mbili za letisi kwa wati 60 na saa 16, mbili za chipukizi kwa wati 30 na saa 12, na zile siku za mwanzo mbegu zikiwa zimefunikwa usiziwashie kitu. Umeshuka hadi yuniti 2.64 kwa siku, kama 79 kwa mwezi. Nunua taimu ya soketi ya kukuwashia na kukuzimia, maana mkono husahau. Gawanya shilingi za risiti yako ya tokeni kwa yuniti ulizopewa, zidisha kwa 79, kisha uweke pembeni ya unachopata Shela. Kama letisi haifiki hapo, ipunguze ubaki na chipukizi, ndizo zinazolipa haraka.

Na pakeni chumba chokaa, dada. Chokaa nyeupe ya kwetu inarudisha mwanga unaotoka kandoni mwa rafu. Miche ya letisi ikishaota unaweza pia kuitoa kiwandani, yaani ule uwanja wa ndani ya nyumba, asubuhi, pale jua linapoingia saa chache kisha likaondoka, ukaweka wavu wa kuzuia kunguru. Kila saa ya kiwandani ni saa usiyoilipia.

Imebaki ile taa kubwa ya sodiamu. Hiyo usiiwashe, hata kwa transfoma. Transfoma inashusha volti lakini haibadilishi mapigo, na balasti ile ya chuma imeundwa kwa mapigo 60. Ikipewa 50 inavuta kupita kiasi, inapata moto, inaweza kuungua. Hata ingekuwa ya 240, wati 600 kwenye chumba kisicho na dirisha zingekutoa wewe na letisi mbio. Balbu yake ina zebaki ndani, isiachwe watoto wakaichezea. Kisanduku kile kina shaba na chuma kizito, mnunuzi wa vyuma chakavu atakupa chochote. Mpwa akipiga simu mwambie ile ndefu inafanya kazi nzuri, na akija tena alete tatu kama hiyo hiyo, wati zake zifuate mgao wa rafu niliokupa, na kibati kiseme 100–277.